Hitilafu za Hita ya Maji: Somo Lililosahauliwa na Shule Zetu

Msafiri anayeteremka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay hupita takriban kilomita 66 tu za barabara, lakini katika safari hiyo fupi hubadilisha hali ya hewa kana kwamba amehama mkoa. Huondoka katika nyanda za juu za Wamatengo, zilizo zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, na kufika kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa ulio chini ya mita 500. Kule juu, katikati ya mibuni na mashimo ya ngoro, maji ya bomba huuma vidole asubuhi ya mwezi Julai. Huku chini, maji ya juu ya ziwa huwa na joto la nyuzi 23 za Sentigredi au zaidi hata wakati wa kipupwe, na katika miezi ya joto hukaribia nyuzi 29.

Sasa tuchukue hita mbili za bafuni zilizo sawa kwa kila hali, moja ifungwe Mbinga na ya pili ifungwe Mbamba Bay. Ya Mbamba Bay itasifiwa. Ya Mbinga itaitiwa fundi. Fundi atafungua kifuniko, atabadilisha koili, atapokea ujira wake na kwenda zake. Na maji yatabaki vuguvugu kama yalivyokuwa. Hita haikuwa mbovu. Kilichokosekana ni hesabu ya dakika mbili, ambayo kila mwanafunzi wa sekondari amekwisha kuifanya katika daftari lake bila kudhani kwamba inahusu bafu la nyumbani kwao.

Hoja ya makala hii ni moja. Kutafuta hitilafu ya chombo ni kazi ya sayansi kabla haijawa kazi ya bisibisi, na shule zetu za sekondari zinao wajibu wa kuifundisha kwa vyombo vilivyomo majumbani mwetu. Pasipo elimu hiyo, wananchi hupoteza fedha kwa kununua vipuri visivyohitajiwa. Na lililo baya zaidi, wengine huhatarisha maisha yao kwa kuondoa vile vifaa vilivyowekwa ili kuwalinda.

Umeme umefika, je, elimu yake?

Kwa miaka mingi miji ya Mkoa wa Ruvuma ilitegemea mitambo ya dizeli, na umeme wake ulikuwa wa shida. Mwaka 2018 njia ya umeme ya kilovoti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika, na mkoa ukaunganishwa na gridi ya taifa. Tangu hapo pasi, majiko na hita vimeingia katika nyumba za wageni, zahanati, nyumba za walimu na nyumba za wakulima wa kahawa. Vyombo hivyo vimekuja pamoja na vijitabu vya maelezo vilivyoandikwa kwa lugha za kigeni, navyo aghalabu hutupwa pamoja na maboksi yake.

Hapa pana mwanya ambao yafaa tuutazame bila kuoneana haya. Mwanafunzi hufundishwa kanuni za joto na za umeme kwa Kiingereza. Fundi naye huzungumza habari za koili, fyuzi na ethi kwa Kiswahili. Mmoja anayo kanuni asiyojua pa kuitumia, na mwenziwe anacho chombo asichojua kanuni yake. Wawili hawa hupishana mlangoni pa bafu lile lile, wala hawaambiani neno. Mwalimu wa fizikia ndiye awezaye kuwakutanisha.

Hesabu kabla ya bisibisi

Hebu turejee kwenye zile hita mbili. Tuseme kila moja ni ya aina ya papo kwa papo, ile inayofungwa juu ya bomba la kuogea, na nguvu yake ni kilowati 5.5 kwa umeme wa volti 230. Kilo moja ya maji, ambayo ni sawa na lita moja, huhitaji takriban jouli 4,200 ili joto lake lipande uzi mmoja. Tukifungua bomba hata zipite lita 5 kwa dakika, hita itayapandisha maji hayo nyuzi 16 hivi. Tukipunguza hadi lita 3 kwa dakika, itayapandisha nyuzi 26.

Ikiwa maji yanaingia yakiwa na nyuzi 26, kama yawezavyo kuwa kule ufukoni, lita 5 kwa dakika zitatoka na nyuzi 42, joto linalomfaa kabisa mwogaji. Ikiwa yanaingia yakiwa na nyuzi 16, kama yawezavyo kuwa Mbinga wakati wa baridi, lita zile zile 5 zitatoka na nyuzi 32, chini ya joto la mwili wa binadamu, na mwogaji atasema hita imekufa. Dawa yake si koili mpya. Ni kupunguza bomba hadi lita 3 kwa dakika. Hapo naye atapata nyuzi zake 42. Mtu wa ziwani ataoga kwa maji mengi na mtu wa milimani kwa maji machache, kwa sababu nishati ni ile ile na hakuna fundi awezaye kuiongeza kwa bisibisi.

Kasi ya maji nayo yatokana na mahali. Vijiji vingi vya milimani hupata maji ya mserereko, yanayotoka katika chanzo kilicho juu ya makazi. Kila mita 10 za kimo huongeza kanieneo ya karibu angahewa moja. Hivyo nyumba iliyo mita 60 chini ya tangi hupata msukumo wa angahewa sita hivi wakati maji yametulia bombani. Hapo maji hupita kwa kasi na kutoka baridi, na baadhi ya hita haziwezi kuhimili msukumo huo. Kinyume chake, mwenye tangi dogo lililowekwa mita moja tu juu ya bafu hupata sehemu moja ya kumi ya angahewa. Hita nyingi za papo kwa papo zina swichi inayosukumwa na maji yenyewe, nayo kwa msukumo hafifu kama huo huenda isiwake kabisa. Mwenye nyumba hudhani umeme umekatika, kumbe tangi ndilo linalotakiwa kuinuliwa.

Umeme dhaifu na waya mwembamba

Sababu ya pili ya maji vuguvugu ni upungufu wa volti, hasa saa za jioni, wakati kila nyumba imewasha vyombo vyake, na hasa kwa wale wanaokaa mwisho wa laini. Hapa kanuni ni kali kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa nguvu ya koili hufuata mraba wa volti. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, upungufu ni chini ya sehemu moja ya tano; lakini nguvu hushuka kwa karibu theluthi moja. Hita yetu ya kilowati 5.5 inakuwa ya kilowati 3.75. Kwa lita 3 kwa dakika haitapandisha tena nyuzi 26, bali 18 tu. Mwenye hita inayotoa maji ya moto alfajiri na vuguvugu magharibi asitafute kosa ndani ya hita. Apime volti kwanza, au amwombe fundi ampimie.

Sababu ya tatu ni uunganishaji mbaya, nayo ni ya hatari. Hita ya kilowati 5.5 huvuta mkondo wa karibu ampea 24. Plagi ya kawaida ya ampea 13 haiwezi kuubeba, wala waya mwembamba uliofungwa kwa ajili ya taa. Hata waya ukiwa mnene, kiungo kilicholegea hufanya kazi ya hita ya pili isiyotakiwa. Kiungo chenye ukinzani wa nusu omu tu, kikipitiwa na ampea 24, hutoa joto la wati 288, yaani karibu taa tano za wati 60 zilizofungiwa ndani ya swichi moja. Kwa hiyo harufu ya plastiki inayoungua na swichi inayotia joto mkononi si mambo ya kuzoea. Hayo ni maelezo kamili ya hitilafu, yaliyoandikwa kwa lugha ya kanuni ambayo James Joule aliitangaza katika miaka ya 1840.

Hita za tangi na hila zake

Hita ya tangi ina tabia nyingine. Tuseme tangi ni la lita 50 na koili yake ni ya kilowati 1.5. Kuyapandisha maji kutoka nyuzi 16 hadi 60 kutahitaji uniti mbili na nusu za umeme hivi, na muda wa saa moja na dakika arobaini na tatu. Mtu anayewasha hita hiyo nusu saa kabla ya kuoga, kisha akalalamika, anadai kwa chombo kile ambacho maumbile hayakiruhusu kukitoa.

Lakini ikiwa muda umetosha na maji hayakupata joto, uchunguzi ufuate utaratibu. Maji yote baridi, na uniti za mita ya LUKU hazipungui: umeme haufiki kwenye koili, au koili imekatika. Koili nzima ya wati 1,500 ina ukinzani wa karibu omu 35. Iliyokatika haipitishi mkondo kabisa. Maji ya moto yapo lakini huisha upesi: maji ya moto ni mepesi na hukaa juu, ya baridi ni mazito na hukaa chini, basi huenda bomba la kuingiza maji chini ya tangi limevunjika, au aliyeifunga hita amebadilisha njia ya kuingia na ya kutoka. Maji hupata joto kwa kuchelewa sana, na tangi hunguruma: mara nyingi ni matope au chokaa iliyoifunika koili. Katika nchi ya milima yenye mvua nyingi, kijito kinapochafuka masika, matope hufika hadi tangini. Mwenye hita ayatoe mara kwa mara kwa koki ya chini, baada ya kuzima umeme na kuacha maji yapoe.

Maji yenye rangi ya kutu ni ishara kwamba bati la tangi limeanza kuliwa. Ndani ya matangi mengi mna ufito wa magnesi uliowekwa makusudi ili uliwe badala ya bati. Ukiisha, zamu ya bati huanza. Harufu ya yai bovu nayo aghalabu hutokana na bakteria wanaotengeneza gesi ya salfa ndani ya maji yaliyokaa. Ndiyo maana haifai kushusha kidhibiti joto chini mno kwa kutaka kuokoa umeme. Bakteria wa ugonjwa wa mapafu uliozuka Philadelphia, Marekani, mwaka 1976 hustawi katika maji ya vuguvugu, na maji ya tangi yakitunzwa kwenye nyuzi 60 hawastahimili. Lakini maji ya nyuzi 60 humbabua mtu kwa sekunde chache. Kwa hiyo yachanganywe na ya baridi kabla ya kumfikia mtoto.

Wenye hita za jua nao wana somo lao. Maji yaliyopata joto katika paneli hupanda yenyewe hadi tangini, na ya baridi hushuka kushika nafasi yake, bila pampu. Mzunguko huo hutaka tangi liwe juu ya paneli. Likiwekwa chini, usiku mzunguko waweza kugeuka na joto la mchana likarudi angani. Na hewa ikinaswa mahali bomba lilipoinuka kama mgongo wa ngamia, maji husimama, na jua lote la mchana hupotea bure.

Yasiyoguswa

Yako mambo matatu ambayo mwalimu hana budi kuyasema bila kulegeza sauti.

La kwanza ni ethi. Maji yakimpa mwogaji hata mshtuko mdogo wa kutekenya, hita izimwe katika swichi kuu wala isitumike hadi mtaalamu aikague. Mtekenyo huo maana yake umeme umefika usipotakiwa, na waya wa ethi haupo au haufanyi kazi. Mtu aliyelowa, asiye na viatu, amesimama juu ya sakafu ya saruji, hana kinga yoyote. Wanaosema kwamba kila hita hupiga kidogo wanazoea mauti.

La pili ni kidhibiti joto. Kikiharibika, wako mafundi wanaounganisha nyaya moja kwa moja ili koili iwake daima. Hita hufanya kazi, na mwenye nyumba hushukuru. Lakini sasa hakuna kitu cha kuizuia isichemshe.

La tatu ni valvu ya usalama. Maji yanapopanda kutoka nyuzi 20 hadi 80 hutanuka kwa karibu asilimia 2.7, hata tangi la lita 50 hutafuta nafasi ya zaidi ya lita moja. Pasipo nafasi nyingine, maji hayo hutoka kwa matone kupitia valvu. Matone wakati wa kupasha joto ni dalili ya uzima. Matone yasiyokoma mchana na usiku ndiyo ya kuchunguzwa. Mtu anayeyaona matone na kuiziba valvu kwa parafujo ameufunga mdomo wa mlinzi. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua nafasi ya lita 1,600 hivi. Tangi lililozibwa, lenye kidhibiti joto kilichofungwa moja kwa moja, ni bomu.

Hoja za wanaopinga

Watasema wengine kwamba hiyo ni kazi ya fundi, na shule haifundishi ufundi wa mabomba. Ni kweli kwamba kufungua hita ni kazi ya fundi mwenye ujuzi, na mwanafunzi asithubutu. Lakini kumweleza fundi kilichotokea, lini, kwa kiasi gani na katika hali gani ni kazi ya mwenye nyumba, nayo ni nusu ya matibabu. Mgonjwa anayejua kueleza maradhi yake hapewi dawa ya kubahatisha.

Wengine watasema kwamba hita ni mali ya wachache, na nyumba nyingi za Mbinga na Nyasa bado huchemsha maji kwa mafiga matatu. Hoja hii ina uzito, na jibu lake ni kwamba kanuni haichagui. Ndoo ya lita 20 ikipandishwa kutoka nyuzi 16 hadi 42 huhitaji megajouli 2.2 hivi. Kilo moja ya kuni kavu ina megajouli 16 hivi, lakini mafiga ya wazi hufikisha kwenye sufuria sehemu ndogo tu, labda moja ya kumi au zaidi kidogo. Basi ndoo moja ya kuoga hula takriban kilo moja ya kuni, na joto kubwa huishia hewani. Swali la joto linakwenda wapi ni lile lile, liwe la hita au la mafiga. Mfuniko, kinga ya upepo na jiko lililojengwa vizuri ni majibu yake, na anayefaidika kwanza ni mama anayebeba kuni mgongoni.

Wa tatu watasema kwamba vyombo vya nyumbani ni vitu duni mno kwa sayansi. Hawa tuwakumbushe Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi katika shule ya sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa maziwa uliotiwa kwenye jokofu ukiwa moto ukiganda kabla ya ule wa baridi. Aliuliza, akachekwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne aliyekuwa mgeni kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam. Osborne hakulicheka bali alilipima, na mwaka 1969 matokeo yakachapishwa kwa majina yao wawili. Wanasayansi hubishana juu ya jambo hilo hadi leo. Chombo kilikuwa jokofu la shule, na maziwa yalikuwa ya kutengenezea aiskrimu.

Linalowezekana kuanzwa sasa

Hatuombi maabara mpya. Ndoo iliyopimwa lita, saa na kipimajoto vyatosha. Kila mwanafunzi mwenye hita, sufuria au birika la umeme nyumbani aandike mambo manne: maji yalikuwa kiasi gani, yalianza na nyuzi ngapi, yaliishia ngapi, na kwa muda gani. Darasa lilinganishe nishati iliyoingia katika maji na ile iliyolipiwa, kisha liulize tofauti imekwenda wapi. Shule ya Mbinga na shule ya ufukoni zibadilishane majedwali yake, na tofauti ya milima na ziwa itajieleza kwa tarakimu. Hata maji yanayochemka yatawashangaza: ufukoni yatachemka kwenye nyuzi 98 hivi, na Mbinga karibu 96, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Mwanafunzi wa Mbinga asiyeona 100 kwenye kipimajoto chake asikilaumu kipimajoto, wala asiandike 100 ili kumridhisha mwalimu.

Na kila hitilafu inapotokea, yaulizwe maswali haya kwa mpangilio: Umeme unafika, na kwa volti ngapi? Maji yanaingia kwa kasi gani, na yana baridi kiasi gani? Joto linapotea wapi? Nini kimebadilika tangu chombo kilipokuwa kikifanya kazi vizuri? Aliyejibu maswali manne hayo kabla ya kufungua parafujo hata moja, huyo amefanya sayansi.

Taifa linalonunua vyombo lisiwe taifa linaloviogopa wala linalovibahatishia. Mwalimu anayemtuma mwanafunzi kwenda kupima ndoo ya maji ya kuoga hajaushusha hadhi ufundishaji wake. Amemrudishia mzazi fedha zake, na huenda akawa ameokoa uhai wa mtu.